Jina la babu: ilikuwaje wafalme wa Uingereza wakaitwa Tudor

Mwaka 1432 Bunge la Uingereza lilipelekewa ombi la mtu mmoja kutoka Wales aliyetaka apewe haki za Mwingereza. Kwenye hati ameandikwa Owain mwana wa Maredudd. Miaka 53 baadaye mjukuu wa mtu huyohuyo aliutwaa ufalme wa Uingereza kwa vita, na leo vitabu vya historia vinamwita Henry Tudor, na wanawe na wajukuu wake vinawaita hivyohivyo. Hapo katikati Maredudd kaenda wapi? Na huyu Tudor kaingilia mlango gani?

Kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kwa sababu majina mengi ya ukoo huzaliwa kimyakimya: mkulima mmoja, kasisi mmoja, daftari moja la ubatizo, basi. Hili la Tudor limeacha alama karibu kila lilipopita. Tunaona hati, kesi, kichwa kilichokatwa, tangazo la mfalme mwenye hasira, na mwishoni wanahistoria walioligonga muhuri. Wasichotaja wengi ni kwamba wenye jina wenyewe hawakuwa na haja nalo kubwa.

Tuanze na utaratibu. Wawelisi wa zamani hawakuwa na jina la ukoo. Mtu alikuwa na jina lake, likafuata la baba, likafuata la babu, yote yakifungwa kwa neno ap, ambalo ni bin kabisa. Jina linalofuata likianza na irabu, ap huwa ab. Kwa binti ni ferch. Kwa hiyo Owain wetu, akitajwa kwa urefu wake, ni Owain ap Maredudd ap Tudur ap Goronwy ap Tudur ap Goronwy ab Ednyfed. Mwanawe harithi Maredudd wala Tudur. Mwanawe ni ab Owain, na mnyororo wote unasogea hatua moja.

Mnyororo huo haukuwa wa kujipamba. Chini ya sheria za Kiwelisi, zinazohusishwa na mfalme Hywel Dda wa karne ya 10, ardhi ilikuwa ya jamaa. Baba akifa wanawe waligawana sawa. Wakifa wale wana, wajukuu waliweza kudai mgawo ufanywe upya. Na hata vitukuu walikuwa na haki ya kuomba mgawo wa mwisho. Mtu asiyeweza kumtaja babu wa baba yake alikuwa anahatarisha shamba. Damu ikimwagika, fidia ililipwa na ndugu wa muuaji na kupokewa na ndugu wa marehemu, kila mmoja kwa ukaribu wake wa nasaba. Kasisi Gerald wa Wales, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 12, alishangaa kuona hata watu wa kawaida wakitaja wazee wao mpaka kizazi cha sita au cha saba. Mimi sioni la kushangaza. Shajara ya nasaba ilikuwa ndiyo hati ya kiwanja.

Sasa ukoo wenyewe. Ednyfed Fychan, aliyefariki mwaka 1246, alikuwa distain wa Llywelyn ap Iorwerth, mtawala wa Gwynedd kaskazini mwa Wales. Cheo hicho kilikuwa cha msimamizi wa nyumba ya mtawala, lakini kwa kazi alikuwa waziri mkuu. Alizawadiwa ardhi hapa na pale, na sehemu ya uzao wake ilikaa Penmynydd, katika kisiwa cha Anglesey ambacho wenyewe wanakiita Môn. Edward wa Kwanza alipoimeza Wales mwaka 1282 na 1283, ukoo huu ulijua kuishi na mkubwa mpya. Ukabaki na mashamba na vyeo vya hapa na pale. Majina mawili yalipokezana kizazi hadi kizazi: Goronwy, Tudur, Goronwy, Tudur. Mtoto alipewa jina la babu, kama ilivyo desturi ya watu wengi duniani.

Tudur ni jina la kale sana, la tangu enzi za lugha iliyozaa Kiwelisi, na maana yake ni mtawala wa watu. Halina undugu na Theodoros la Kigiriki, ingawa makarani waliokuwa wakiandika Kilatini waliyaona yanafanana wakayachanganya bila huruma. Mchanganyo huo utarudi kutusumbua.

Tudur ap Goronwy, aliyefariki mwaka 1367, ndiye Tudur anayetuhusu. Aliacha wana watano. Wawili kati yao, Rhys na Gwilym, waliliandika jina la baba yao katika kumbukumbu za serikali ya London kwa njia ambayo hakuna karani aliyeisahau.

Ilikuwa Ijumaa Kuu, tarehe 1 Aprili 1401. Ngome ya Conwy, mojawapo ya zile ngome nzito alizojenga Edward wa Kwanza kuwabana Wawelisi, ilikuwa na walinzi wapatao 75: askari 15 wenye silaha kamili na wapiga mishale 60. Siku hiyo karibu wote walikuwa kanisani mjini. Langoni walibaki wawili. Mwandishi wa matukio wa wakati ule, Adam wa Usk, anasimulia kwamba akaja seremala, kama anakuja kazini kwake siku zote. Walinzi wakamfungulia. Akawaua wote wawili, na nyuma yake wakaingia Rhys na Gwilym na watu wapatao 40, wakafunga lango. Ngome iliyomeza mapato ya taji kwa miaka ikawa ya waasi kabla padri hajamaliza ibada. Ndugu hawa walikuwa binamu wa Owain Glyndŵr, aliyeinua bendera ya uasi mwaka uliotangulia. Mama zao walikuwa dada. Walikaa ndani kwa wiki kadhaa, wakajadiliana, mwishowe wakatoka salama kwa masharti machafu: waliwakabidhi wenzao tisa, ambao Adam anasema walifungwa kwa hila wakiwa usingizini, na wote tisa wakauawa. Rhys naye alinyongwa Chester mwaka 1412.

Nimekaa hapo kidogo kwa makusudi. Maredudd, baba wa Owain, hana kisa cha namna hiyo. Kabla ya uasi alishika ofisi ndogo ya serikali huko Anglesey, kisha anafifia. Mtu wa London wa mwaka 1405 aliyesikia kuhusu familia hii hakusikia habari za Maredudd. Alisikia wana wa Tudur.

Baada ya uasi ukoo ulifilisika, sehemu kubwa ya mashamba ikaenda kwa wengine, na Bunge la Henry wa Nne likapitisha sheria za kuwabana Wawelisi wote: wasinunue mali katika miji ya Waingereza, wasishike vyeo fulani, wasikubaliwe kumshtaki Mwingereza ila kwa masharti. Owain, aliyezaliwa karibu mwaka 1400, alikulia katika hali hiyo. Namna alivyofika nyumbani kwa Catherine wa Valois, binti wa mfalme wa Ufaransa na mjane wa Henry wa Tano, imesimuliwa kwa hadithi nyingi: eti alicheza dansi akateleza akaangukia mapajani mwa malkia, eti malkia alimwona akioga mtoni. Tuziache. Lililo hakika ni kwamba mwaka 1427 hadi 1428 Bunge lilitunga sheria kwamba mtu yeyote atakayemwoa malkia mjane bila idhini ya mfalme atapoteza mali na ardhi, na kwamba mfalme mwenyewe, Henry wa Sita, alikuwa bado mtoto mdogo asiyeweza kutoa idhini. Catherine na Owain walioana kwa siri hata hivyo.

Ndiyo maana ya lile ombi la 1432. Mume wa malkia, awe wa siri au wa dhahiri, alikuwa kisheria Mwelisi asiyeweza kumiliki mali vizuri wala kusimama mahakamani kama mtu mzima. Alipewa haki za Mwingereza. Na hapo, kwenye karatasi muhimu kuliko zote za maisha yake, ubini wake ni jina la baba. Yaani mwaka 1432 makarani wa London walikuwa wanaelewa vizuri kabisa kwamba ap Maredudd maana yake ni mwana wa Maredudd, wakaliandika kwa Kifaransa cha mahakama, fitz Meredyth, kama ilivyopasa. Ukoo ungeweza kuitwa Meredith kuanzia siku ile. Jina hilo lipo mpaka leo kama jina la ukoo, na Waingereza hulitamka bila shida.

Catherine alifariki Januari 1437 na kinga ya Owain ikafa naye. Alifungwa gereza la Newgate, akatoroka mwaka 1438, akakamatwa tena, na mwaka uliofuata akasamehewa. Wanawe wawili, Edmund na Jasper, walipelekwa kulelewa na watawa wa Barking. Hawa walikuwa ndugu wa mfalme kwa mama, kwa hiyo waliandikwa kama watoto wa kifalme wanavyoandikwa, kwa mahali pa kuzaliwa: Edmund wa Hadham, Jasper wa Hatfield. Mwaka 1452 mfalme aliwapa vyeo, Edmund akawa Earl wa Richmond na Jasper Earl wa Pembroke, na kuanzia hapo vyeo hivyo ndivyo vilivyokuwa majina yao. Mtu mwenye cheo cha Earl hahitaji ubini zaidi ya mkulima anavyohitaji muhuri.

Owain mwenyewe, upande wake, alikuwa akiitwa kwa namna mbalimbali. Mara Owen Meredith, mara Owain na mnyororo mzima, na kufikia miaka yake ya mwisho Owen Tudor, kwa tahajia za kila aina. Ni nini kilibadilika?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba karani alikosea: alikuta majina matatu, akachukua la mwisho akidhani ndilo la ukoo. Msomaji wa Tanga au Unguja hahitaji kuchorewa. Juma Hamisi Makame akitua uwanja wa ndege wa London anaitwa Bwana Makame, na Makame ni babu yake aliyezikwa zamani. Hamisi, aliyemzaa na kumlipia ada, anageuzwa kuwa jina la katikati. Mtoto wa Juma akizaliwa huko anaandikwa Makame, na kizazi kimoja tu mnyororo umeganda. Hivyo ndivyo Owain ap Maredudd ap Tudur anavyogeuka Owen Tudor. Waingereza wa wakati ule walikuwa na majina ya ukoo yaliyotulia kwa vizazi kadhaa, na jicho lao lilikwenda mwisho wa mstari moja kwa moja.

Mimi nalikubali jibu hilo nusu. Karani wa 1432 hakukosea, na baada yake wengine waliendelea kuandika Meredith. Kwa hiyo uzembe peke yake hautoshi. Nadhani uzito wa babu ulisaidia: Tudur ndiye aliyejulikana, kwa mema ya Penmynydd na kwa mabaya ya Conwy, na mtu akimweleza Owain kwa mgeni ilikuwa rahisi kusema ni wa kina Tudur kuliko kusema ni wa Maredudd, jina ambalo lisingemkumbusha mtu lolote. Hayo ni maoni yangu, hakuna hati inayoyatamka.

Ila ushahidi mzuri kuliko wote wa jinsi mambo yalivyokuwa hayajaamuliwa uko kwa mwana mwingine wa Owain. Uzeeni, karibu mwaka 1459, alizaa mtoto wa kiume nje ya ndoa. Mtoto huyu alikua, akapewa hadhi ya sir mwaka 1485, akaoa katika familia yenye mali huko Sussex, akaishi mpaka 1535. Jina lake ni Sir David Owen. Baba mmoja na Edmund na Jasper, lakini yeye hana Tudor. Yeye ni ab Owain, kama sheria ya mababu inavyotaka, ap imedondoka tu njiani. Mfano wake wa jiwe bado umelala katika kanisa la Easebourne. Ukitaka kujua ukoo huu ungeitwaje kama ungeachwa ujiitie wenyewe, huyo hapo.

Owain hakuishi kuona yote hayo. Februari 1461, akiwa na umri wa miaka 60 hivi, alipigana upande wa mwanawe Jasper katika vita vya Mortimer's Cross, wakashindwa, akapelekwa sokoni Hereford. Mwandishi mmoja wa London wa wakati ule anasimulia kwamba mzee hakuamini kabisa kuwa atauawa mpaka alipoona shoka na gogo, na ukosi wa koti lake la mahameli jekundu ukachanwa. Ndipo akasema kichwa kilicholala mapajani mwa Malkia Catherine sasa kitalala juu ya gogo. Kichwa kiliwekwa juu kabisa ya ngazi za msalaba wa soko. Mwanamke mmoja aliyesemwa kuwa kichaa akakichana nywele, akaosha damu usoni, akawasha mishumaa zaidi ya mia kuzunguka. Edmund alikuwa ameshakufa kwa tauni gerezani Carmarthen mwaka 1456, akimwacha mke wa miaka 13, Margaret Beaufort, mwenye mimba. Mtoto alizaliwa Pembroke tarehe 28 Januari 1457. Akaitwa Henry.

Henry huyu alikuwa Richmond. Ndivyo alivyojiita, ndivyo wafuasi wake walivyomwita miaka yote 14 ya uhamishoni Brittany na Ufaransa, hata mfalme wa wakati huo, Richard wa Tatu, alipokuwa haukubali ufalme wake mtarajiwa wala cheo chenyewe. Na hapa ndipo jina linapofanya kazi yake ya kwanza kubwa hadharani, mikononi mwa adui. Tarehe 23 Juni 1485 Richard alitoa tangazo la kusomwa nchi nzima. Ndani yake mpinzani hatajwi kama Earl wa Richmond. Ni mtu mmoja Henry Tydder, mwana wa Edmund Tydder, mwana wa Owen Tydder, na Owen huyo, tangazo linasema, alizaliwa nje ya ndoa. Kila kiungo kimepewa ubini uleule, kana kwamba ni familia ya wauza sufu wa mtaani. Mjomba wa nani, ndugu wa mfalme gani, havitajwi. Edmund wa Hadham amekuwa Edmund Tydder miaka 29 baada ya kuzikwa. Richard alijua alichokuwa anafanya: kumvua mtu cheo na kumwachia jina la ukoo ni kumshusha daraja.

Mwezi Agosti tarehe 7 Henry aliteremka Mill Bay, magharibi ya Wales. Tarehe 22 Richard alikuwa maiti kwenye uwanja wa vita wa Bosworth.

Ungedhani mshindi angelichukua jina lile la matusi akaligeuza fahari. Hakufanya hivyo. Kabla hata ya Bosworth barua zake za siri zilikuwa na saini ya herufi tu, kama mfalme. Baada ya Bosworth alijenga uhalali wake juu ya damu ya mama yake, juu ya ndoa yake na Elizabeth wa York, na juu ya nembo ya waridi. Uwelisi hakuutupa: alipeperusha joka jekundu, mwanawe wa kwanza aliyezaliwa mwaka 1486 akamwita Arthur, na akaunda tume ichunguze nasaba ya Owain babu yake huko Wales. Tume ikarudi na shajara inayopanda hadi kwa wafalme wa kale wa Britania. Hapo alikuwa Mwelisi wa kweli, anaringia wazee. Lakini shajara ni mambo mengine na ubini ni mambo mengine, na huo ubini wa Tudor hauonekani akiubeba kifua mbele.

Mwanahistoria C. S. L. Davies wa Oxford alilisukuma jambo hili mbali zaidi. Hoja yake, aliyoitoa mwaka 2008 na kuitetea baadaye, ni kwamba katika karne ya 16 watu wa Uingereza hawakujiona wakiishi chini ya "Watudor". Jina lilitajwa kwa nadra, lilikuwa karibu la aibu, na wafalme walipenda kujihesabu kama mwendelezo wa wafalme waliotangulia. Lililofanya zama nzima ziitwe hivyo ni vitabu vya baadaye, hasa historia ya David Hume iliyotoka mwaka 1759. Wapo waliombishia kwa kuonyesha mahali jina lilipotumika, hasa na washairi na watu wa Wales. Mimi naona kiini cha hoja kimesimama. Elizabeth wa Kwanza alitawala miaka 44 na hakuwa na sababu ya kuandika Tudor popote. Alikuwa na ufalme.

Kuna mchezo mdogo unaofaa kuchezwa hapa. Tuseme makarani hawakugusa kitu. Mwana wa Owain ni Edmund ab Owain. Jina hilo likibanwa kama yalivyobanwa maelfu mengine linakuwa Bowen. Henry wa Saba ni Harri ab Edmwnd. Henry wa Nane ni Harri ap Harri, na ap Harri likibanwa linakuwa Parry. Elizabeth wa Kwanza angekuwa binti wa Parry, na hilo lisingekuwa geni chumbani kwake: mwanamke aliyemhudumia tangu utotoni mpaka uzeeni, mlinzi wa vito vyake, alikuwa Blanche Parry, kutoka familia ya ap Harry ya Bacton mpakani mwa Wales. Malkia na mhudumu wake wangeitwa jina moja, bila undugu wowote.

Huo ndio mtego wa majina ya Wales kwa ujumla. Yalipoganda, yaliganda kwa majina machache ya ubatizo. Ap Rhys akawa Price, ap Hywel Powell, ap Huw Pugh, ap Richard Pritchard, ab Evan Bevan. Wengine waliongezewa s tu ya Kiingereza mwishoni, wakawa Jones, Williams, Davies, Roberts. Na aliyesukuma mambo kwa nguvu kuliko wote ni kitukuu wa Owain. Sheria za Henry wa Nane za 1536 na 1543 ziliiunganisha Wales na Uingereza, zikaleta sheria ya Kiingereza ya urithi na mahakama za Kiingereza. Mnyororo ukakosa kazi: kama shamba lote linakwenda kwa mtoto wa kwanza, nani anahitaji kumtaja babu wa baba? Kinachohitajika ni jina moja lisilobadilika kwenye hati. Husimuliwa kwamba Askofu Rowland Lee, aliyesimamia Wales kwa niaba ya mfalme kuanzia 1534, alichoka kusikia mahakamani majina yenye ap sita na saba, akaamuru kila mtu achukue jina la mwisho au la nyumbani kwake. Thomas ap Richard ap Hywel fulani akatoka pale akiitwa Mostyn, jina la makazi yake. Wakubwa walianza, mashambani wengine waliendelea na desturi ya zamani hadi karne ya 18 na zaidi.

Makosa ya aina ya Tudor yalirudiwa. Morgan ap William, mtu wa Glamorgan aliyehamia Putney, alioa dada wa Thomas Cromwell, aliyekuja kuwa waziri wa Henry wa Nane. Mwanawe Richard alipaswa kuwa ap Morgan, akaishia kuwa Williams, jina la babu kama Owain. Kisha, mjomba alipopanda cheo, akaliacha Williams na kujiita Cromwell. Familia iliendelea kuandika majina yote mawili kwenye hati za sheria, na kitukuu wa Richard ni yule Oliver Cromwell aliyeongoza nchi baada ya mfalme kukatwa kichwa.

Na Penmynydd? Ndugu waliobaki kisiwani walijijengea upya nyumba, na jengo lililopo ni la mwaka 1576. Katika kanisa la kijiji lipo kaburi la alabasta la Goronwy ap Tudur, baba mkubwa wa Owain, na mkewe Myfanwy, lililohamishwa hapo kutoka nyumba ya watawa ya Llanfaes Henry wa Nane alipozifunga nyumba za watawa. Kilembwe wa ndugu alimfukuza babu kaburini, kwa maneno mengine. Watu hawa wa Penmynydd nao walihitaji jina la ukoo, wakachagua Theodor. Ni lile kosa la makarani wa Kilatini, sasa limevaliwa na wenyewe kama joho.

Leo jina Tudor lipo, lakini si la kawaida. Msomaji wa Mombasa huenda analijua zaidi kama mtaa na mlango wa bahari kuliko kama jina la mtu. Sababu ya uchache wake ni ya wazi: kizazi kilipoanza kugandisha majina, kina baba wengi walikuwa wanaitwa John, William, David. Tudur lilikuwa limeshapitwa na wakati, likabaki zaidi kaskazini mashariki mwa Wales na upande wa Shropshire. Na kila lilipoganda, liliganda peke yake, kwa sababu tu palikuwa na baba au babu fulani aliyeitwa hivyo.

Kwa hiyo mwenye jina hili anayejipa matumaini ya damu ya kifalme ana kazi. Jasper hakuacha mtoto halali. Mstari wa kiume wa Henry wa Saba ulikatika kwa Edward wa Sita mwaka 1553, naye hakuwa na mtoto. Elizabeth alikufa mwaka 1603 bila kuolewa. Uzao wa kiume wa Owain uliopita kwa David uliitwa Owen. Na kama familia yake imetoka Romania, aelewe kwamba kule Tudor kweli ni Theodoros, jina jingine kabisa lililokutana na hili kwa tahajia tu. Wa Wales asianzie Pembroke wala Westminster. Aanze na rejesta za parokia za mpakani, zilizoamriwa kuwekwa tangu 1538, na atafute ubatizo ambao baba wa mtoto anaitwa Tudur na mtoto bado hajapewa ubini.